"Nimeshalipa, na kuogelea sijui"

Safu ya Shangazi: maswali ya wasomaji

Mwezi uliopita niligusia hapa, kwa mistari miwili tu, kwamba nilianza triathloni nikiwa na miaka 41, karani wa hesabu mwenye watoto watatu na magoti yanayolia. Barua zilizokuja zimemfanya mhariri anipigie simu. Kwa wasioujua mchezo wenyewe: unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, unashuka unakimbia kwa miguu, na saa haisimami tangu mwanzo hadi mwisho. Hata unapofunga kamba za viatu inakuhesabia. Mashindano mafupi yanayotufaa wengi wetu, yanayoitwa sprinti, ni mita 750 za maji, kilomita 20 za baiskeli na 5 za miguu. Ya Olimpiki ni mita 1,500, kilomita 40 na kilomita 10. Ipo na Ironman, kilomita 3.8, 180 na 42.2. Hiyo tuiache, wenye haraka nayo hawaniandikii mimi, huwaandikia madaktari wa mifupa.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dar es Salaam, umri miaka 43. Kukimbia kilomita 10 naweza, baiskeli ninayo. Wenzangu wa kikundi cha mbio wamenishawishi tujiandikishe sprinti itakayofanyika baada ya miezi mitano, na nimeshalipa. Tatizo, kuogelea sijui. Nimekulia Dodoma, maji mengi niliyoyajua ni ya ndoo. Juzi nilijaribu bwawani, nikafika katikati pumzi ikanikaba, nikadaka kamba. Je, nidai hela yangu?

Marahaba, mwalimu. Hela iache hukohuko. Miezi mitano inakutosha, na nasema hivyo kwa sababu mimi nilianzia nyuma yako. Nimezaliwa Tanga, utotoni nimelala nikisikia mawimbi, na hadi natimiza miaka 41 maji ya bahari yalikuwa hayajanivuka kiuno. Wavulana wa mtaani kwetu waliruka kutoka kwenye madau. Sisi wasichana tulingoja maji yakupwe tukaokote makombe. Usidhani watu wa pwani wote ni samaki.

Kilichokukaba katikati ya bwawa si udhaifu. Mtu anayekimbia kilomita 10 mapafu anayo. Aliyenifumbua macho mimi ni kijana wa miaka 17, mtoto wa mvuvi, ambaye malipo yake yalikuwa maandazi. Alinitazama ninavyohangaika, akasema: "Mama, wewe unavuta tu, hutoi." Karani wa hesabu mie, naambiwa vitabu vyangu havilingani: mapato tupu, matumizi hakuna! Na karibu kila mtu mzima anayejifunza huanzia hapo. Uso ukiingia majini anabana pumzi. Akitoa kichwa anataka atoe na avute kwa mara moja, nafasi haimtoshi, anaambulia robo. Baada ya mara nne, tano, kifua kimejaa hewa iliyokwisha kutumika, na kile kihoro unachokisikia kinaletwa na hewa hiyo iliyokosa pa kutokea.

Basi wiki mbili za kwanza usiogelee kabisa. Simama kwenye maji ya kifua, shika ukingo, vuta kwa mdomo, zamisha uso, toa kwa pua polepole mpaka mapovu yaishe, inua, vuta. Mara 20. Pumzika. Mara 20 tena. Watoto watakucheka, waache wacheke. Ukifika mahali pa kufanya hivyo huku mawazo yako yako kwenye madaftari ya kusahihisha, ndipo uende kuelea: uso chini, mikono na miguu umeitawanya, mwili umelegea kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Kisha sukuma ukuta kwa miguu uteleze bila kufanya lolote.

Utaona miguu inazama. Wakimbiaji wengi mko hivyo. Vifundo vyenu vimekakamaa kwa lami, na mkipiga maji mnakunja goti kama mnaokanyaga baiskeli. Teke la kuogelea linaanzia nyongani, goti limelegea, vidole vimenyooshwa nyuma. Na kichwa nacho: ukikiinua kutazama mbele, makalio yanashuka. Tazama sakafu ya bwawa. Unapotaka pumzi, kigeuze kichwa ubavuni pamoja na bega, jicho moja libaki majini.

Nusu saa mara tatu kwa wiki inashinda saa mbili za Jumapili. Bwawa la mita 25 utalivuka mara 30 kupata mita 750. Mimi ilinichukua wiki 6 kulivuka mara 4 bila kusimama, halafu wiki 5 tu kutoka mara 4 hadi mara 30. Ndivyo maji yalivyo: yanakunyima, yanakunyima, siku moja unasahau kuhesabu.

Na kama siku ya mashindano ikifika mtindo huru, huu wa uso chini na mikono kupishana, haujakaa sawa, fahamu kwamba hakuna anayekulazimisha. Kanuni zinakuruhusu mtindo wowote, hata wa chura, hata chali. Unaruhusiwa pia kushika boya au mtumbwi wa waokoaji ukapumzika, mradi usiutumie kujivuta mbele. Simama nyuma kabisa, pembeni, uwaache wenye haraka wapigane mateke kwanza. Pumzi ikikukaba, geuka chali utazame mbingu, hesabu hadi 30. Mashindano yangu ya kwanza niligeuka chali mara tatu. Mwokoaji mmoja akaniuliza kama nataka kupanda boti, nikamwambia nachungulia mawingu.

Mwezi wa mwisho hamia baharini, ila usiingie peke yako hata siku moja, hata ukishajua. Bwawa halina mkondo, bahari inao. Waulize wavuvi siku za bamvua, zile za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji hujaa na kupwa kwa kishindo. Huku kwetu tofauti inapita mita 3, na maji yanapotoka hutoka na wewe. Anza siku za maji mafu, zile ambazo hayajai wala kupwa sana, na ingia yanapokaribia kusimama baada ya kujaa. Kusi likivuma kwa nguvu, kama Juni na Julai, alfajiri ndiyo rafiki yako kabla upepo haujaamka.

Jizoeze pia kuinua macho kidogo kila baada ya kupiga mikono minane uone unakokwenda, maana baharini hakuna mstari wa bluu chini. Lenga kitu kisichosogea: mnazi mrefu, mnara, paa la jengo. Mimi mara ya kwanza nililenga ngalawa. Nikapiga maji, nikainua macho, ngalawa bado iko mbali. Nikapiga tena, bado. Kumbe mwenyewe katweka tanga anaenda zake kuvua.

Anti, habari ya huko. Niko Busia, Kenya, nina miaka 35. Baiskeli niliyo nayo ni ile Black Mamba ya marehemu babu. Vijana wa mazoezi wananiambia bila baiskeli ya mbio ya bei kubwa nisijisumbue. Ni kweli?

Waambie Shangazi wa Tanga amecheka. Huku ni mji wa baiskeli, mama mzima anakwenda sokoni na Phoenix na hakuna anayegeuka kumtazama. Mashindano yangu ya kwanza niliendesha baiskeli ya milima ya kuazima, yenye kikapu mbele, na kikapu sikukitoa kwa sababu mwenye baiskeli alisema nikikitoa nitampotezea skrubu. Nilikuwa wa tatu kutoka mwisho. Hao wawili walikuwa na baiskeli nzuri kuliko yangu.

Sitakudanganya lakini: Black Mamba ni nzito na haina gia, mlima utaihisi pajani. Kwa kilomita 20 za tambarare itakufikisha. Watakachokagua waandaaji ni breki mbili zinazoshika kweli, ncha za usukani ziwe zimezibwa (bomba lililo wazi likikuangukia linatoboa mwili), na helmeti. Kwenye helmeti usifanye mchezo hata mazoezini. Katika mashindano lazima uifunge kidevuni kabla hujaigusa baiskeli, na usiifungue mpaka umeirudisha baiskeli mahali pake. Watu wengi wapya huadhibiwa kwa hilo, pamoja na kupanda baiskeli kabla ya kuvuka mstari wa kupandia. Kosa jingine ni kumfuata mtu mgongoni akukingie upepo. Katika mashindano mengi ya ridhaa hilo ni marufuku, unaacha mita 10 au 12 kadiri kanuni za siku hiyo zinavyosema.

Hela yako ya kwanza mpe fundi baiskeli: mnyororo, mipira ya breki, spoki zilizolegea, na kiti. Wengi tunaketi chini mno, magoti yanatokea masikioni. Weka kisigino kwenye kanyagio lililo chini kabisa. Mguu ukinyooka bila nyonga kuyumba, kiti kiko sawa. Hela ya pili nunua tyubu ya akiba na pampu, ukajifunze kuziba pancha mwenyewe, gizani ikibidi. Ukipata nyingine ndiyo uende kwenye mitumba kutafuta yenye gia. Yangu ya sasa niliipata kwa laki mbili na nusu za Tanzania, ikiwa na kutu na stika ya klabu ya Ujerumani.

Barabarani toka alfajiri, kuwe kumeshapambazuka, taa nyekundu nyuma, nguo ya kung'aa. Mimi hukata kuelekea Pongwe na ninajua fika kwamba dereva wa lori la Segera hana habari na mazoezi yangu. Nikilisikia nyuma na jingine linakuja mbele, ninashuka kwenye vumbi. Dakika mbili nitazifidia.

Shangazi, nikishuka kwenye baiskeli nikaanza kukimbia, miguu si yangu. Nimeona video, wenzangu wanaruka tu. Nina ugonjwa?

Huna. Miguu iliyokuwa ikizunguka nusu saa bila kubeba uzito inaambiwa ghafla ikubebe. Inabisha kama mtoto aliyeamshwa. Baada ya baiskeli, mara moja kwa wiki, kimbia dakika 10 tu hapohapo, hatua fupifupi, bila kuitazama saa. Kilomita ya mwisho ya baiskeli legeza gia uzungushe kwa wepesi. Mwezi mmoja utaona tofauti. Ila ule uzito wa mwanzo hauishi moja kwa moja. Mimi miaka 12 bado naukuta, nimeuzoea kama jirani mwenye kelele.

Nile nini siku yenyewe?

Hakutaja hata jina la mji, lakini nimempenda. Ulichozoea. Uji, ndizi, mkate na chai, saa mbili au tatu kabla. Sprinti kwa mtu wa kawaida ni saa moja na nusu hadi mbili. Maji na tende mbili zinakufikisha. Pakiti tamutamu za kunyonya, kama hujawahi kuzijaribu mazoezini, usizijaribu siku hiyo, tumbo linaweza kukuaibisha. Na usiwe kama John Dunbar, yule baharia wa zamani aliyekuwa wa pili katika Ironman ya kwanza kule Hawaii mwaka 1978. Walianza watu 15, wakamaliza 12, na wasaidizi wake walipoishiwa maji njiani wakampa bia.

Shangazi, sisi wa Mwanza tunalo ziwa mlangoni. Kwa nini nilipie bwawa la hoteli? Na mbona Rwanda wanaogelea Ziwa Kivu na kuna Ironman?

Kweli, mwaka 2022 Rwanda iliandaa Ironman 70.3 pale Rubavu, ile nusu: kilomita 1.9 za maji, 90 za baiskeli, 21.1 za miguu. Lakini ziwa la watu lina habari zake na lako lina zake, na siku moja ya mashindano yenye boti za waokoaji si sawa na wewe kujitosa mara tatu kwa wiki.

Ziwa Victoria lina kichocho, ninyi mnakijua kuliko mimi. Vimelea vinatoka kwa konokono wa maji baridi, vinapenya kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, na hutasikia chochote siku hiyo. Konokono hao hupenda ufukweni penye majani na maji yaliyotulia, na vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa kali mchana. Ndiyo maana wengine huingia asubuhi mapema, kwa boti, mbali na matete. Hiyo inapunguza hatari, haiiondoi. Kujifuta haraka kwa taulo nako si kinga ya kutegemea, hata kama mjomba wako ameapa.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningejifunzia bwawani lenye dawa, ziwani ningeingia mara chache karibu na mashindano, na wavuvi wa hapohapo wangeniambia kwanza kama kuna mamba au kiboko. Wiki 6 hadi 8 baada ya hapo ningekwenda kupima, choo hasa, maana kichocho cha ziwa lenu kwa sehemu kubwa ni cha tumbo. Dawa yake, praziquantel, ipo na inatibu. Kinachoumiza watu ni kukaa nacho miaka, ini linaharibika polepole huku wakijisifu kwamba maji ya kwao hayajawadhuru.

Hujambo mdogo wangu. Nina miaka 61, mstaafu, niko Morogoro. Baiskeli ndiyo gari langu, na ujanani niliogelea sana. Presha ninayo, natumia vidonge kila siku. Mke wangu anasema nimechanganyikiwa.

Shikamoo kaka. Shemeji yangu mwambie nusu ya neno lake nalikubali. Kabla ya kununua miwani ya kuogelea, nenda kwa daktari wako, na usimwambie "mazoezi" ukaishia hapo. Mwambie kuogelea, kwenye maji ya wazi, kwa haraka, na watu wengi. Katika mchezo huu vifo ni vichache, lakini vingi katika hivyo hutokea majini, na mara nyingi aliyekufa alikuwa na moyo wenye tatizo asilolijua. Mwulize na vidonge vyako vinafanyaje kazi. Vingine hupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo zile namba za saa ya mkononi zitakudanganya. Vingine vinakukojoza, na jua la huko likikukuta umekauka utaanguka.

Akikupa ruhusa, anza na nusu ya ulichokipanga. Kifua kikibana, kizunguzungu kikija, au pumzi ikizidi kazi unayofanya, unasimama siku hiyo, huna haja ya kumdhihirishia mtu kitu. Na la kukufurahisha: mashindano huwapanga watu kwa umri, kila miaka mitano kundi lake. Wewe utakuwa na wa 60 hadi 64. Katika kundi hilo, kaka, mara nyingi kumaliza tu ni medali.

Assalaam alaykum Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, niko hapahapa Tanga, Ngamiani. Natamani sana, ila nguo ndizo zinanishinda. Siwezi kuvaa zile nguo zao, na mume wangu hakatai ila anaogopa maneno ya watu. Tena sijui nianzie wapi kuingia majini mbele za wanaume.

Waalaykum salaam, mwanangu. Hili nalijua kwa ngozi yangu. Siku yangu ya kwanza niliingia majini kwenye ufuko wa Raskazone na dera. Mara tu maji yalipofika tumboni dera likajaa hewa, likafunuka juu kama mwavuli, mimi chini yake naona maua tu. Yule kijana wa maandazi akaona haya akageuka kutazama Kenya. Nikalishusha, likanywa maji, nikatoka nalo linavuta kama nimebeba gunia la chumvi.

Pamba ndiyo adui, iwe dera, fulana au kanga. Tafuta kitambaa cha nguo za kuogelea, kile kinachovutika na kukauka upesi: suruali ndefu ya kubana, juu yake blauzi ya mikono mirefu inayofika mapajani, na kofia yenye kufunika shingo. Zinauzwa tayari kwa jina la burkini. Yangu alinishonea fundi wa barabara ya 8 kwa kitambaa nilichomletea. Mara ya kwanza alishona mabega mapana mno yakakusanya maji, mara ya pili akapatia. Hiyohiyo naendeshea baiskeli, juu yake naongeza sketi fupi nyepesi, ila iwe mbali na mnyororo. Chini ya helmeti vaa mtandio mwembamba usio na pini wala fundo kisogoni. Waandaaji wa mashindano waandikie mapema ueleze vazi lako. Mimi nimefanya hivyo kila mara na sijawahi kukataliwa.

Maneno ya watu sina dawa yake. Walinisema miezi mitatu, kisha akatokea wa kusemwa zaidi yangu. Mwambie baba watoto aje naye, akae pwani na watoto, ashike taulo. Wangu alianza hivyo. Sasa ndiye anayenipigia hesabu za maji kujaa na kupwa, na akikosea analaumu mwezi.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao maji yatakuwa yamejaa karibu saa moja asubuhi. Tutakuwa wanawake watano au sita upande wa kulia wa ufuko, saa hiyo hakuna watu ila wavuvi, nao wana kazi zao. Hatutaogelea. Tutasimama kwenye maji ya kifua tutoe mapovu. Njoo na kanga kavu ya kujitanda ukitoka, na chupa ya chai ya tangawizi kama unayo. Ya kwangu huwa haitoshi.